Fahamu chipu za kukuzia seli: njia mpya ya kupima dawa kabla ya kumfikia binadamu

Kila dawa inayomfikia mgonjwa katika zahanati imepita katika mlolongo mrefu wa vipimo, na hatua za mwanzo za mlolongo huo hufanyika mahali ambapo hakuna mgonjwa wala daktari. Hufanyika maabara, juu ya seli hai zinazokuzwa nje ya mwili. Kwa zaidi ya karne moja seli hizo zimekuwa zikikuzwa juu ya vioo na sahani bapa. Katika miaka ya karibuni imeshika kasi njia nyingine, ya kuzikuza ndani ya vijifereji vyembamba vilivyotengenezwa katika kipande kidogo kinacholingana na flashi ya kompyuta. Kipande hicho huitwa chipu ya maikrofluidiki, na makala haya yanaeleza kinavyofanya kazi, kwa nini mamlaka za dawa zimeanza kukitazama kwa makini, na kina uhusiano gani na mgonjwa wa Afrika Mashariki.

Umuhimu wa suala hili unaonekana vizuri katika tukio moja la mwaka 1993. Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani iliendesha majaribio ya dawa ya fialuridini, iliyotarajiwa kutibu homa ya ini ya aina B. Dawa hiyo ilikuwa imejaribiwa kwa wanyama, na matokeo hayakuonyesha kwamba ingeharibu ini. Wagonjwa 15 waliingia katika jaribio la muda mrefu. Baada ya wiki kadhaa ini lilianza kushindwa kufanya kazi kwa wagonjwa saba kati yao. Watano walifariki dunia, na wawili waliokolewa kwa kupandikizwa ini la mtu mwingine. Jaribio lilisitishwa, lakini madhara yaliendelea hata baada ya wagonjwa kuacha kuimeza dawa. Kasoro haikuwa katika uzembe wa kupima. Seli za ini la binadamu ziliipokea dawa ile kwa namna ambayo ini la panya na la mbwa halikuipokea.

Hapo ndipo swali la kisayansi linapoanzia. Iwapo ini la binadamu hutofautiana na la mnyama, kwa nini dawa isijaribiwe moja kwa moja juu ya seli za ini la binadamu, maabara, kabla ya kumezwa na mtu yeyote? Jibu ni kwamba hilo limekuwa likifanyika siku nyingi, ila seli zenyewe hazitulii katika tabia zake za asili zinapotolewa mwilini.

Sahani bapa na mipaka yake

Ukuzaji wa seli nje ya mwili ulipata mwanzo wake unaotambulika mwaka 1907, Mmarekani Ross Harrison alipofanikiwa kuona nyuzi za neva za kiinitete cha chura zikirefuka ndani ya tone la maji ya mwili lililoning'inia chini ya kioo. Tangu hapo njia hiyo imeleta faida nyingi zisizohitaji kusimuliwa kwa urefu. Chanjo ya polio ni mfano mmoja. Kwa wasomaji wa ukanda huu, mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 1976, William Trager na James Jensen walipoweza kwa mara ya kwanza kukuza mfululizo vimelea vya malaria aina ya Plasmodium falciparum ndani ya chembe nyekundu za damu ya binadamu maabara. Chombo chao kilikuwa rahisi ajabu. Jensen alitumia mtungi wa kioo wenye mshumaa uliowashwa ndani yake. Mshumaa ulipozimika, hewa iliyobaki ilikuwa na oksijeni kidogo, hali ambayo vimelea hivyo huipenda.

Hata hivyo, sahani ina upungufu wake. Mwilini seli ya ini huzungukwa na seli wenzake pande zote, damu hupita karibu nayo bila kukoma, lishe huingia na takataka huondolewa kila wakati. Juu ya sahani seli hiyo hulala kifudifudi katika dimbwi lililotuama. Chakula hupungua na uchafu huongezeka hadi fundi wa maabara atakapokuja kubadilisha maji ya lishe, pengine baada ya siku mbili. Seli za ini zilizotolewa kwa binadamu zikiwekwa katika hali hiyo huanza kupoteza kazi zake ndani ya siku chache, hasa kazi ya kuchakata dawa, ambayo ndiyo hasa mtafiti anataka kuipima. Seli zinazotanda ukuta wa ndani wa mishipa ya damu nazo hupoteza mpangilio wake. Zikipitiwa na mtiririko hujilaza kufuata upande maji yanakoelekea, mithili ya nyasi za bondeni baada ya mafuriko. Pasipo mtiririko hukaa ovyo.

Vijifereji vyembamba kuliko tone

Maikrofluidiki ni elimu ya kuongoza vimiminika katika njia zenye upana wa sehemu ndogo ya milimita. Vipimo vyake hutajwa kwa maikromita, na maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa takribani maikromita 70 hadi 100. Kijifereji chenye urefu wa sentimita moja, upana wa milimita moja na kimo cha sehemu moja ya kumi ya milimita hujaa kwa maikrolita moja tu ya maji, wakati tone la kawaida linalodondoka kutoka kwenye bomba lina takribani maikrolita 50. Kwa hiyo tone moja lingetosha kujaza vijifereji hamsini vya namna hiyo. Faida ya kwanza iko hapo: dawa mpya ambayo imetengenezwa kwa gramu chache tu, au seli adimu zilizotolewa kwa mgonjwa mmoja, zinatosha kwa vipimo vingi.

Faida ya pili ni ya kifizikia na inastahili kuelezwa kwa utulivu. Maji yakipita katika mto mpana huchafuka na kujipinda. Yakipita katika njia nyembamba kama hizi, kwa mwendo wa polepole, msukosuko huo hutoweka. Maji husonga kwa matabaka yaliyotulia. Mikondo miwili ya rangi tofauti ikiingizwa katika kijifereji kimoja itakwenda sambamba, bega kwa bega, na kitakachovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine ni kile tu kinachosambaa chenyewe, molekuli kwa molekuli. Mtafiti anaweza hivyo kuipa seli iliyo kushoto dawa nyingi na iliyo kulia dawa kidogo, katika kijifereji kilekile.

Kusambaa huko kwa molekuli kuna kanuni yake: umbali ukiongezeka mara kumi, muda huongezeka mara mia. Molekuli ndogo kama ya sukari huvuka maikromita 10, ambazo ni karibu na upana wa seli moja, kwa muda wa takribani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ikiachwa ivuke sentimita moja bila msaada wa mtiririko, itahitaji zaidi ya siku nzima. Ndiyo maana mwili umejaa mishipa midogo ya damu inayopita karibu na seli karibu zote, na ndiyo maana chipu yenye vijifereji huifanya seli ijione iko nyumbani kuliko inavyojiona juu ya sahani.

Namna ya kuitengeneza chipu hiyo imeazimwa kutoka katika viwanda vya vifaa vya elektroniki, ingawa chipu yenyewe kwa kawaida haina saketi ya umeme ndani yake. Kisahani cha silikoni hupakwa utomvu maalumu unaokauka kwa mwanga wa urujuanimno. Mwanga hupitishwa katika kibandiko chenye ramani ya vijifereji. Palipopigwa mwanga panabaki pameinuka, na pengine panaoshwa. Unapatikana hivyo mfano wa kalibu. Juu yake humiminwa mpira laini unaopitisha mwanga, ujulikanao kwa kifupi kama PDMS, kisha huokwa, hubanduliwa na kugandishwa juu ya kioo. Matumizi ya mpira huo yalienezwa katika miaka ya 1990, hasa kutokana na kazi za maabara ya George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kalibu moja huweza kutoa chipu nyingi. Mpira huo hupitisha oksijeni, jambo linalozifaa seli, na kwa kuwa unaona ndani, mtafiti huweka chipu chini ya hadubini na kuzitazama seli zikiwa hai.

Pafu linalopumua na ini linalochunguzwa

Mwaka 2010 Dongeun Huh, Donald Ingber na wenzao wa Taasisi ya Wyss ya Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la Science maelezo ya chipu iliyoiga sehemu ndogo ya pafu la binadamu. Ilikuwa na vijifereji viwili, kimoja juu ya kingine, vikitenganishwa na utando wenye unene wa maikromita 10 uliotobolewa matundu madogo. Upande wa juu wa utando zilioteshwa seli za vifuko vya hewa, na juu yake ikapita hewa. Upande wa chini zilioteshwa seli za ukuta wa mishipa ya damu, na chini yake yakapita maji ya lishe badala ya damu. Pembeni kulikuwa na vyumba viwili vilivyonyonywa hewa kwa mapigo, vikauvuta utando na kuuachia, jinsi pafu linavyotanuka na kusinyaa mtu anapopumua.

Watafiti walipoingiza bakteria katika njia ya hewa na chembe nyeupe za damu katika njia ya chini, chembe hizo zilijipenyeza katika utando na kuwameza bakteria. Lililowashangaza wengi lilikuwa jingine: vumbi laini sana la silika liliingia ndani ya seli na kuzidhuru zaidi pale utando ulipokuwa ukivutwa kuliko ulipotulia. Sahani bapa, kwa kuwa haipumui, isingeweza kuonyesha tofauti hiyo.

Baada ya pafu zilifuata chipu za ini, figo, utumbo na viungo vingine. Kwa upande wa dawa, ini ndilo lenye uzito mkubwa zaidi, kwa sababu madhara ya ini ni miongoni mwa sababu kuu za dawa kusitishwa katika majaribio au kuondolewa sokoni. Mwezi Desemba 2022 ulichapishwa utafiti uliotumia chipu 870 za ini la binadamu kupima dawa 27 ambazo athari zake kwa watu zilikuwa tayari zinajulikana. Chipu hizo ziligundua asilimia 87 ya dawa zenye kudhuru ini, na hazikuisingizia hata moja kati ya zile zisizodhuru. Dawa hizo zenye madhara zilikuwa zimevuka vipimo vya wanyama na kuwafikia wagonjwa. Msomaji anapaswa kujua pia kwamba utafiti huo uliongozwa na kampuni ya Emulate, inayozitengeneza na kuziuza chipu hizo, na kwamba dawa 27 ni idadi ndogo. Matokeo ni ya kutia moyo, lakini yanahitaji kurudiwa na maabara zisizo na maslahi ya kibiashara.

Mwezi huohuo, tarehe 29, Rais Joe Biden wa Marekani alisaini sheria iliyoondoa sharti la tangu mwaka 1938 la kila dawa kujaribiwa kwa wanyama kabla ya binadamu. Sheria hiyo imeeleweka vibaya mahali pengi. Haikupiga marufuku majaribio ya wanyama. Iliruhusu ushahidi wa aina nyingine, zikiwamo chipu na programu za kompyuta, upokelewe pale unapofaa. Septemba 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliipokea chipu ya ini katika mpango wake wa majaribio wa kutathmini nyenzo mpya za kupimia dawa, na Aprili 2025 ikatangaza nia ya kupunguza hatua kwa hatua majaribio ya wanyama kwa dawa za kingamwili zinazotengenezwa maabara, kisha kwa dawa nyingine.

Yanayokwamisha

Wanaozitumia chipu hizi kila siku watamweleza mgeni kwamba adui wao wa kwanza ni kiputo cha hewa. Kiputo kidogo kisichoonekana kwa macho kikiingia katika kijifereji huweza kuziba njia, au kupita kikizikwangua seli zote zilizooteshwa kwa wiki mbili. Maji yenyewe ni machache kiasi kwamba hukauka haraka hewa ya chumba ikiwa kavu. Pampu ikisimama kwa kukatika umeme, seli huanza kukosa lishe. Kwa maabara za nchi zetu jambo hili la mwisho si dogo. Anayetaka kuanzisha kazi hii aanze na umeme wa akiba kabla ya kununua hadubini.

Lipo tatizo la PDMS pia. Mpira huo hufyonza dawa zinazopenda mafuta kuliko maji. Mtafiti hudhani amezipa seli kiasi fulani cha dawa, kumbe sehemu yake imeishia ukutani, na dawa yenye sumu huweza kuonekana salama. Kwa sababu hiyo baadhi ya maabara zimehamia kwenye plastiki ngumu au kioo, ambavyo havifyonzi dawa kwa kiwango hicho lakini ni vigumu zaidi kuviumba.

Kubwa zaidi ni kwamba ini ndani ya chipu si mtu. Halina homoni zinazotoka kwenye tezi, halina utumbo unaoichakata dawa kabla haijalifikia, na halizeeki. Kuunganisha chipu za viungo kadhaa kwa mirija kumefanyika, lakini kila kiungo kinachoongezwa huongeza pia mahali pa kukosea. Katika hali ya sasa chipu ni shahidi wa ziada, na haijafikia hatua ya kusimama peke yake.

Seli za nani?

Swali ambalo mwananchi wa ukanda wetu ana haki ya kuliuliza ni seli zilizomo ndani ya chipu zimetoka kwa nani. Uwezo wa ini wa kuchakata dawa hutegemea vinasaba, navyo hutofautiana kati ya mtu na mtu na kati ya jamii na jamii. Mfano uliochunguzwa kwa miaka mingi ni wa efavirenzi, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI iliyotumiwa na mamilioni ya Waafrika. Dawa hiyo huchakatwa na kimeng'enya kiitwacho CYP2B6, na aina ya kinasaba inayokifanya kimeng'enya hicho kufanya kazi polepole imeenea zaidi katika jamii nyingi za Afrika kuliko Ulaya. Mwenye kinasaba hicho hubaki na dawa nyingi damuni ingawa amemeza kidonge kilekile. Chipu iliyooteshwa seli za watu wa Ulaya pekee ingeficha jambo hilo kama lilivyofichika katika majaribio mengi ya zamani.

Kifua kikuu kinatoa mfano wa pili. Tanzania, Kenya na Uganda zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Dawa zake tatu za msingi, yaani isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zinafahamika kuwa huweza kudhuru ini, na hatari ya isoniazidi huongezeka kwa mtu ambaye vinasaba vyake huifanya ichakatwe polepole. Hili ni eneo ambalo chipu ya ini yenye seli za wachangiaji kutoka Afrika ingeweza kutoa majibu yenye manufaa ya moja kwa moja. Kwa upande wa pafu, watafiti wa Lausanne, Uswisi, walionyesha mwaka 2020 kwa kutumia chipu kwamba umajimaji unaolainisha vifuko vya hewa husaidia kuzuia bakteria wa kifua kikuu wasikue katika siku za mwanzo za maambukizi. Seli walizotumia zilikuwa za panya, na hilo lazima litajwe kila matokeo hayo yanapotajwa.

Malaria nayo imekwisha kupita katika vijifereji hivi. Mwaka 2003 kundi la Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, lilipitisha chembe nyekundu za damu katika njia zenye upana wa maikromita 2 hadi 8. Chembe zenye afya zilijikunja na kupita. Zilizobeba vimelea vilivyokomaa zilikuwa zimekakamaa na zikakwama hata katika njia pana kiasi, hali inayosaidia kueleza kwa nini malaria kali huziba mishipa midogo ya ubongo.

Uchangiaji wa seli una upande wake wa maadili. Seli maarufu za HeLa, zilizosambaa katika maabara za dunia nzima, zilichukuliwa mwaka 1951 katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, kutoka kwa Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani Mweusi aliyekuwa akiugua saratani ya mlango wa kizazi, bila yeye kujua wala kuridhia. Familia yake ilifikia makubaliano na kampuni moja iliyonufaika na seli hizo mwaka 2023, miaka 72 baadaye. Seli za Waafrika zitahitajika zaidi kadiri teknolojia hii inavyoenea, na ridhaa inapaswa kuandikwa kwa lugha anayoielewa mchangiaji, ikieleza seli zitakwenda wapi na zitatumiwaje.

Nchini Tanzania majaribio ya dawa kwa binadamu huhitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) pamoja na idhini ya kimaadili, ambayo kwa ngazi ya taifa husimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mwaka 2018 mfumo wa Tanzania wa udhibiti wa dawa ulikuwa wa kwanza barani Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa umefikia ngazi ya tatu ya ukomavu. Mwananchi anayeombwa kushiriki katika jaribio la dawa ana haki ya kuuliza dawa hiyo ilipimwa kwa njia gani kabla ya kumfikia, ikiwa ni kwa wanyama, kwa seli au kwa chipu, ana haki ya kujibiwa kabla ya kutia saini, na anaweza kujiondoa wakati wowote bila kupoteza matibabu yake ya kawaida.